Anayetaka kusomea meno Marekani achague sayansi zake mapema

Kila mwaka matokeo ya KCSE yatangazwapo, wazazi wengi wa mijini huanza kupiga hesabu za kumpeleka mtoto ng'ambo. Miongoni mwao kuna wale ambao mtoto wao amepita vizuri biolojia na kemia, anataka kuwa daktari wa meno, lakini nafasi za hapa nchini ni chache na wanaozigombania ni wengi. Shangazi yuko Dallas, mjomba yuko Minnesota, nao wanasema mtoto aje. Ploti inauzwa, harambee inaitishwa, tikiti ya ndege inakatwa. Katika pilkapilka hizo zote kuna swali moja ambalo aghalabu husahaulika: mtoto huyo akifika, atasoma masomo gani?

Wiki hii ningependa tulizungumzie swali hilo kwa kinaganaga, kwa sababu ubaya wa kulipuuza hauonekani mapema. Huonekana mwaka wa tatu au wa nne, wakati karo ya ploti nzima imekwisha kulipwa.

Kwanza tuelewane kuhusu mpangilio wenyewe, maana umewachanganya wengi. Hapa kwetu mwanafunzi aliyehitimu kidato cha nne huingia chuo kikuu moja kwa moja kusomea shahada ya udaktari wa meno. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifunza kazi hii tangu 1974, na Chuo Kikuu cha Moi nacho kina mafunzo hayo. Ni miaka 5, kisha mwaka wa mazoezi ya kazi hospitalini. Marekani hakuna njia kama hiyo kwa mwanafunzi wa kawaida. Huko mtu husoma shahada ya kwanza kwa miaka 4, ndipo aombe nafasi katika chuo cha udaktari wa meno akae miaka mingine 4. Baadhi ya vyuo huweza kumpokea mtu baada ya miaka 3 ya shahada ya kwanza, lakini wengi wanaoingia huwa tayari wamehitimu. Mwishowe hupewa shahada ya DDS au ya DMD, kutegemea chuo. Hizi mbili ni kitu kimoja, majina tu ndiyo tofauti, na mzazi asikubali kulipishwa zaidi kwa sababu ya herufi.

Kwa hivyo jirani akikwambia kwamba bintiye yumo mwaka wa pili Marekani akisomea meno, fahamu kwamba bado hajaanza. Yumo katika maandalizi. Na maandalizi hayo, hata yakipewa jina kubwa katika vijitabu vya vyuo, si shahada na hayampi mtu nafasi yoyote. Ni orodha ya masomo tu. Vyuo vya meno vilivyoidhinishwa Marekani ni zaidi ya 70, na kila kimoja kina orodha yake, ingawa zinafanana sana. Hudai mwaka mmoja wa biolojia, mwaka mmoja wa kemia ya jumla, mwaka mmoja wa kemia ogania, yaani ile kemia ya vitu vyenye kaboni, na kwa kawaida mwaka mmoja wa fizikia, yote yakiandamana na kazi ya maabara. Kiingereza pia hutakiwa. Biokemia ambayo zamani ilikuwa ya hiari siku hizi hudaiwa na vyuo vingi.

Maoni yangu ni kwamba orodha hiyo ni kizingiti tu. Kila mwombaji ameivuka, maana asiyeivuka fomu zake hazisomwi. Kinachomtofautisha mmoja na mwingine ni zile sayansi alizoongeza juu ya orodha, alizisoma lini, na alipata alama gani. Hapo ndipo vijana wetu wengi hupotea, wengine kwa kuogopa na wengine kwa kujitia ushujaa.

Tuanze na wakati, kwa sababu hauna huruma. Kemia ya Marekani husomwa kama ngazi. Huwezi kusoma kemia ogania kabla ya kumaliza kemia ya jumla, wala biokemia kabla ya kupitia kemia ogania. Hebu tumchukue kijana anayeingia chuo mwezi wa Agosti 2026. Kemia ya jumla ataisoma mihula miwili, hadi Mei 2027. Kemia ogania mihula miwili, hadi Mei 2028. Biokemia ataipata muhula utakaoanza Agosti 2028. Ikiwa anataka kuingia chuo cha meno mwaka 2030, maombi yatafunguliwa katika majira ya joto ya 2029, na kabla ya hapo anapaswa kuwa amefanya ule mtihani wa kuingilia uitwao DAT au awe ameukaribia. Ukihesabu vizuri utaona kwamba hakuna muhula wa kupoteza. Kijana anayesema mwaka wa kwanza atapumzika na masomo mepesi ili azoee baridi, kemia aianze mwaka wa pili, amejiongezea mwaka mzima. Mwaka huo ni karo, kodi ya nyumba na chakula, na anayelipa ni yule aliyeuza ploti.

Kuna na jambo dogo la hisabati. Vyuo vingi humpa mwanafunzi mgeni mtihani wa hisabati ili vijue atawekwa darasa gani, na akiwekwa darasa la chini huenda asiruhusiwe kuanza kemia muhula huo. Watoto wetu wengi huufanya mtihani huo wakiwa na usingizi wa safari, bila hata kufungua kitabu. Asiufanyie mzaha.

Sasa tugeukie masomo ya kuongeza. Mwanafunzi huwa na nafasi ya kuchagua labda masomo manne au matano ya sayansi ya juu kabla ya kutuma maombi. Achague yapi? Ushauri ambao hutolewa sana na wanafunzi wenyewe ni kuchagua yale ambayo mwalimu wake hutoa alama za A kwa wingi. Mimi nauona ushauri huo kuwa wa hatari. Wale wanaosoma maombi wameona maelfu ya fomu, nao wanalijua somo jepesi kwa jina lake. Isitoshe, mwaka wa kwanza wa chuo cha meno huko ni mzito kupindukia. Mwanafunzi hukutanishwa na anatomia ya mwili, histolojia, biokemia, fiziolojia na elimu ya viini, na wakati huohuo anafunzwa kuchonga umbo la jino kwa nta. Kamati ya chuo inajiuliza swali moja tu: huyu ataubeba mzigo huu au ataanguka? Njia ya kuijibu ni kuonyesha kwamba tayari ameubeba kipande.

Ndiyo maana ningeitanguliza biokemia, hata pale ambapo chuo hakiidai. Wakenya tuna sababu yetu ya kuijua. Tembea Nakuru, Gilgil au Naivasha uangalie meno ya watu waliokulia huko wakinywa maji ya visima. Mengi yana rangi ya kahawia. Hiyo ni floridi. Sehemu ya nje ya jino imeundwa kwa madini ya kalisiamu na fosfeti, na floridi ikiwa kidogo hujipachika katika madini hayo ikayafanya yastahimili asidi. Ikizidi wakati meno ya mtoto yanaumbika ndani ya ufizi, huharibu uundaji wenyewe, jino likatokea likiwa na mabaka au mashimo. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Mwanafunzi aliyesoma biokemia ataeleza jambo hilo kwa dakika mbili katika mahojiano, na atalieleza kama mtu aliyeliona nyumbani. Asiyeisoma atasema tu kwamba maji ya Bonde la Ufa ni mabaya.

Baada ya biokemia, anatomia na fiziolojia. Watu hudhani daktari wa meno hushughulika na vitu 32 vilivyopangwa mdomoni basi. La hasha. Ukienda kung'olewa gego la juu, daktari huweza kukudunga ganzi karibu na jino lenyewe ikapenya, kwa kuwa mfupa wa juu ni mwepesi. Gego la chini ni habari nyingine. Mfupa wa taya la chini ni mzito, ganzi haipenyi kirahisi, kwa hivyo lazima sindano ielekezwe nyuma kabisa, mahali neva inapoingia ndani ya taya. Asiyejua neva hiyo inapitia wapi atakudunga mara tatu na bado utapiga kelele. Na mgonjwa mwenyewe ana mwili mzima. Kuna anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ambaye ukimng'oa jino kwa pupa damu haitakoma. Kuna mwenye kisukari ambaye fizi zake haziponi haraka. Hayo yote ni fiziolojia.

Tatu ni elimu ya viini, yaani mikrobiolojia. Jino huoza kwa sababu viini vilivyo mdomoni, hasa kile kiitwacho Streptococcus mutans, hula sukari na kutoa asidi. Asidi ikizidi hadi kipimo cha pH kishuke chini ya 5.5 hivi, madini ya jino huanza kuyeyuka. Mtoto anayekunywa soda kidogo kidogo mchana kutwa huyaweka meno yake katika hali hiyo saa baada ya saa, na ni afadhali angeinywa yote mara moja pamoja na chakula. Somo hili pia humfunza mwanafunzi kusafisha vyombo na kutokueneza maradhi, jambo ambalo kliniki yoyote haiwezi kulikosa.

Histolojia, jenetiki na elimu ya kinga ya mwili ni nzuri zikipatikana. Takwimu ningeipendekeza kuliko wengi wanavyofanya, kwa maana daktari asiyeweza kusoma jedwali la utafiti atadanganywa na kila mwuzaji wa dawa ya meno.

Kuhusu fizikia, kuna kisa cha kuchekesha. Mtihani wa DAT una maswali 100 ya sayansi: 40 ya biolojia, 30 ya kemia ya jumla na 30 ya kemia ogania. Fizikia haina hata swali moja. Vijana wakigundua hivyo huisukuma fizikia hadi mwaka wa mwisho, kisha hushtuka kwamba chuo walichokitaka bado kinaidai. Aisome mwaka wa pili au wa tatu aachane nayo. Hata hivyo si bure: mashine ya eksirei na taa ile ya buluu inayokausha dawa ya kuziba jino ni fizikia tupu.

DAT hiyohiyo ina sehemu nyingine ambayo huwashangaza Wakenya. Kuna maswali 90 ya macho: kuhesabu kete zilizopangwa, kulinganisha pembe, kuwazia karatasi iliyokunjwa na kutobolewa itaonekanaje ikikunjuliwa. Shule zetu hazifunzi mambo haya, isipokuwa kwa yule aliyebahatika kusoma uchoraji wa kiufundi. Somo moja la uchongaji au la ufinyanzi katika shahada ya kwanza litamfaa, na litampa jibu zuri akiulizwa katika mahojiano kama mikono yake ni myepesi. Najua mzazi atauliza kwa nini alipe dola kwa mtoto kufinyanga vyungu. Basi akumbuke kwamba mtoto huyo siku moja atashika mashine inayozunguka kwa kasi ya ajabu ndani ya mdomo wa mtu.

Jambo la alama ndilo linalohitaji utulivu. Huko A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1, na wastani wake ndio huitwa GPA. Vyuo vya meno hupokea maombi kupitia ofisi moja iitwayo AADSAS, nayo hukokotoa wastani huo upya: wa masomo yote, na mwingine wa sayansi peke yake. Hapa kuna mtego ambao ni lazima kila mwanafunzi aujue kabla ya kuingia darasa la kemia ogania. Vyuo vingi humruhusu aliyeanguka kurudia somo, na alama mpya ikafuta ya zamani katika hesabu ya chuo. AADSAS haifuti. Tuseme somo ni la krediti 4. Alipata D, akarudia, akapata A. Chuo chake kitamwandikia wastani wa 4.0 katika somo hilo. AADSAS itajumlisha pointi 4 za mara ya kwanza na pointi 16 za mara ya pili, igawanye kwa krediti 8, ipate 2.5. Kijana anashangaa kwa nini wastani wake umeporomoka, na hakuna aliyemdhulumu. Vyuo vingi navyo hudai angalau C katika masomo ya lazima, hivyo ile D isingemfaa hata hivyo.

Kwa sababu hiyo siafikiani pia na wale mashujaa. Huyu ni yule kijana wa kiume, mara nyingi ndiye aliyeongoza shule yake hapa, ambaye muhula mmoja hujiandikisha kwa kemia ogania, fizikia, anatomia na jenetiki, kila moja na maabara yake ya saa tatu kwa wiki. Anafanya kazi ya maktaba jioni apate pesa za matumizi. Ifikapo Novemba amechoka, anataka kuacha somo moja. Na hapo sheria ya uhamiaji inamshika. Mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F-1 anatakiwa kuwa na krediti 12 kwa muhula katika shahada ya kwanza. Aliyejiandikisha kwa 13 au 14 akiacha somo la krediti 4 ameshuka chini ya kiwango, na viza yake imo hatarini isipokuwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni iwe imemruhusu kwanza. Basi analazimika kubaki darasani akusanye C mbili. Ningemshauri achukue sayansi mbili zenye maabara kwa muhula, pamoja na masomo mengine ya kawaida yenye krediti za kutosha, na akishazoea, katika mwaka wa tatu, achukue sayansi tatu muhula mmoja ili waone anaweza. Muhula mmoja kama huo ukiwa na alama nzuri unatosha kuwashawishi.

Nimesema mwaka wa tatu kwa kusudi. Masomo yanayosomwa mwaka wa nne huandikwa katika fomu kama yanayotarajiwa, bila alama, na vyuo huanza kutoa majibu mwezi wa Desemba wa mwaka huo. Anayeahirisha biokemia na anatomia hadi mwaka wa nne ananunua mwavuli baada ya mvua. Yatamsaidia akishaingia, nakubali, lakini kamati haitakuwa imeyaona.

Mama mmoja wa mtaa wa South B aliniuliza majuzi: je, mtoto ni lazima asomee shahada ya biolojia? Jibu ni hapana. Vyuo vya meno havijali jina la shahada, mradi masomo ya lazima yamo. Mtu anaweza kusomea uchumi au historia akaingia. Lakini kwa mtoto wa Mkenya ningelijibu swali hilo kwa njia tofauti kidogo, na hapa naomba mzazi anisikilize vizuri.

Nafasi za wanafunzi wa kigeni katika vyuo vya meno vya Marekani ni finyu. Vyuo vinavyogharimiwa na majimbo hupendelea wakazi wa majimbo hayo, na vingine havipokei mgeni wa viza kabisa. Mikopo ya serikali ya Marekani mwenye viza ya mwanafunzi hapewi. Karo ya chuo cha meno ni kubwa kuliko ile ya shahada ya kwanza, na mgeni huenda akaambiwa aonyeshe pesa kabla ya kupewa karatasi za viza. Kijana anaweza kuwa na alama za A tupu na bado akakosa, bila kosa lake. Kwa hivyo shahada ya kwanza ichaguliwe kana kwamba chuo cha meno kitakataa. Shahada ya biokemia au ya mikrobiolojia ina masomo karibu yote niliyoyataja, na mwenye nayo anaweza kutafuta kazi katika maabara, katika viwanda vya dawa au vya chakula, huko au hapa Industrial Area. Biolojia ya jumla ni dhaifu zaidi, maana haimfungulii mlango ulio wazi. Kwa yule aliye na kadi ya ukazi wa kudumu, au aliyezaliwa huko, mambo ni mepesi na anaweza kusomea historia akipenda.

Kuna wanaotaka kubana matumizi kwa kuanzia vyuo vidogo vya wilaya ambavyo karo yake ni nafuu. Siwalaumu, na wengi wamefaulu kwa njia hiyo. Ila baadhi ya vyuo vya meno hupendelea sayansi za lazima zisomwe katika chuo cha miaka 4. Suluhisho ni kusoma Kiingereza, hisabati na hata kemia ya jumla katika chuo cha bei nafuu, kisha kemia ogania, biokemia na sayansi zote za juu zisomwe katika chuo kikubwa, na alama ziwe nzuri huko. Vivyo hivyo kwa wale waliosoma mfumo wa Kiingereza hapa Nairobi au Mombasa wakafanya mitihani ya A. Chuo cha shahada ya kwanza kinaweza kuwasamehe kemia ya mwaka wa kwanza, lakini vyuo kadhaa vya meno havitambui msamaha huo, au hudai somo la juu lisomwe mahali pake. Aulize kabla ya kuukubali.

Na wale ambao watoto wao bado wako shuleni wana nafasi nzuri zaidi. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza Januari 2026 chini ya mtaala mpya, ambapo kila mmoja huchagua mkondo. Mtoto anayewaza udaktari wa meno, uwe wa hapa au wa ng'ambo, asiiache kemia wala biolojia kwa sababu rafiki zake wameziacha. Marekani watampokea bila kemia, ni kweli, lakini atakaa darasa moja na Wamarekani ambao wameisoma shuleni, na ile ngazi ya kemia itamwia ndefu tangu siku ya kwanza.

Mzazi ambaye tayari mwanawe yuko huko anaweza kufanya jambo moja wiki hii hii. Mwombe akutumie karatasi ya alama zake zote pamoja na orodha ya masomo aliyojiandikishia muhula ujao. Huhitaji kuwa mwanasayansi. Tazama kama kemia inasonga mbele kila muhula au imesimama. Tazama kama kuna somo lililorudiwa. Hesabu krediti zake kama zimepita 12, na zimepita kwa kiasi gani. Mwulize jina la mshauri wake wa masomo na mara ya mwisho walipoonana. Halafu mwulize ni vyuo vipi vitano vya meno ambavyo hupokea wanafunzi wa kigeni na ambavyo ameshasoma masharti yao. Akikutajia vitano bila kusita, endelea kutuma pesa kwa moyo mkunjufu. Akianza kukwambia kwamba mambo hayo ataangalia baadaye, mpigie simu shangazi wa Dallas aende akae naye jioni moja, na aende na kalenda.